Usipokee sabuni yao

Watu wengi wanadhani kundi la wahalifu linamshika kijana kwa vitisho. Ukitoka tunakumaliza, ukisema tunakuchoma kisu. Vitisho vipo, sibishi. Lakini kwa muda wote niliokaa maskani pale Mwanjelwa sikumbuki mkubwa wetu akimtishia mtu ili abaki. Hakuwa na haja. Mtu akifiwa, mkubwa anatoa hela ya jeneza. Mtoto wa mtu akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kufika wodini na machungwa. Ukikamatwa, kuna mtu anatumwa kituoni kuulizia dhamana yako kabla mama yako hajajua ulipo. Unashikwa kwa fadhila, na fadhila hizo hakuna daftari linaloonyesha umebakiza kiasi gani.

Naandika haya kwa sababu akina mama wananifuata saiti. Mimi ni fundi ujenzi hapa Mbeya. Kazi hii nilijifunzia gerezani, jambo ambalo silifichi wala silitangazi, na kwa kuwa baadhi ya vijana ninaofanya nao kazi wametokea hukohuko, habari zimesambaa. Mama anakuja, anasimama kando ya rundo la mchanga mpaka nishuke kwenye jukwaa, halafu anauliza: mwanangu yuko ndani, nimpelekee nini? Au: anatoka mwezi ujao, tufanyeje? Wengine ni dada, wengine ni wake zao. Akina baba hawaji. Wao wanapiga simu usiku, na wanaanza kwa kuzungumzia mvua.

Nitawajibu kwa pamoja, kwa nilivyopita mwenyewe na kwa nilivyoona kwa hawa wadogo zangu.

Nianze na sabuni. Ambaye hajanyea debe hawezi kujua uzito wa mche mmoja wa sabuni. Ugali na maharage vipo, sare ipo, blanketi lipo, ingawa mwezi wa saba huku kwetu blanketi lolote ni jembamba. Lakini sabuni ya kufulia, mafuta ya kupaka, dawa ya mswaki, dawa ya fangasi, hapo macho yote yanaelekea kwa ndugu. Mwenye mche anaukata kwa uzi, na kila kipande kina bei yake. Kimoja utafuliwa sare, kingine utabadilishia mboga. Usiyeletewa kitu unaanza kufua nguo za wenzako, na ukishaanza kufua nguo za watu unatumwa na mengine.

Mama yangu alikuwa anauza ndizi za Tukuyu. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 alihamia Sido pamoja na wenzake, na huko nako moto ukawafuata mwaka 2011. Nilipofungwa hakuwa na mtaji wa maana, na gereza nililopelekwa halikuwa la mjini; nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa faida yake ya siku kadhaa. Kwa hiyo sabuni yangu ya kwanza haikutoka nyumbani. Ilitoka maskani. Alitumwa kijana mgeni kabisa, mpole, amevaa vizuri kama anakwenda ibadani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Kaka, wakubwa wanakusalimia." Mfuko ulikuwa umejaa. Sabuni, mafuta, sukari, hata soksi.

Tulikuwa tunalala karibu na mzee mmoja wa Rungwe aliyekula mvua 30. Kwa wasiojua, unyang'anyi wa kutumia silaha kwa sheria yetu hauna kifungo cha chini ya miaka 30, kwa hiyo ukisikia mtu ana mvua 30, mara nyingi unaweza kukisia kosa lake. Mzee huyu alinitazama nikipanga vitu vyangu, akaniuliza swali moja tu: "Hii utalipa lini, mwanangu?" Nikamjibu kwamba ni zawadi. Akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akageukia ukutani akalala.

Nilichukua muda kuelewa. Kundi halikutumii sabuni kwa sababu linakupenda, ingawa mwingine kule anaweza kuwa anakupenda kwelikweli. Linakutumia ili siku ukitoka ujue pa kuripoti. Na linakutumia ili ukiwa ndani usione haja ya kuzungumza na askari au na mtu wa msaada wa kisheria. Ndiyo maana nasema mtu anayetaka kutoka kwenye kundi asisubiri atoke gerezani. Anatokea kwenye sabuni, akiwa bado amefungwa, wakati hawawezi kumfikia sana na yeye hawezi kuwafikia.

Namna ya kukataa nayo ina adabu yake. Usirudishe mfuko kwa matusi. Usimtumie mkubwa ujumbe kwamba umeokoka na umeachana na mambo ya dunia. Huko ni kumvua nguo mbele ya watu wake, naye atalazimika kujibu. Wewe pokea salamu, shukuru, kisha sema kwamba ndugu zako wameshaleta, mzigo huu apewe fulani ambaye hana mtu. Mara ya pili sema hivyohivyo. Baada ya hapo wanaacha wenyewe, kwa kuwa hata wao wana bajeti. Hakuna aliyegombana nami. Walinisahau kidogo kidogo, nami nikafua nguo za watu kwa muda mpaka nilipopata kazi ya ufundi.

Hapo ndipo mama unapoingia. Unaponiuliza umpelekee nini, jibu langu ni sabuni, na jibu hilo si la mzaha. Nusu mche kutoka kwako unazidi mfuko mzima wa maskani, mradi uwe unafika. Usilete mzigo mkubwa mara moja halafu ukapotea mwaka. Kaeni kikao kama mnavyokaa kikao cha harusi: shangazi mwezi huu, mjomba ule, jumuiya ya kanisa au msikiti mwezi unaofuata. Asipopata nafasi ya kwenda mtu, andikeni barua. Na mkifika pale msimuulize kama amebadilika. Kila mfungwa anajua jibu la swali hilo. Mwambieni habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, jirani amehama, paa linavuja upande wa jikoni. Mtu anayejua paa linavuja ana kitu cha kufikiria usiku.

Jela ni chuo, wanasema, na ni kweli. Tatizo ni nani anafundisha. Niliingia nikijua kuvunja mlango. Wiki za mwanzo tu nilikuwa nimeshasikia michongo ya Tunduma, ya Makambako, ya magari ya mizigo yanayopanda mlima usiku kwenye barabara ya Zambia, na namba za watu wa kuwatafuta nikitoka. Nilichokigundua baadaye nakisema kwa kila kijana: michongo hii inasimuliwa na wenye vifungo vifupi. Wao wanahesabu siku, akili yao imeshatangulia uraiani, na kila siku wanachora ramani. Wenye vifungo virefu hawana haraka hiyo. Ukikaa nao wanazungumzia namna ya kuchoma tofali lisipasuke, watoto wao wamefika darasa la ngapi, kesi ya rufaa, jinsi maharage ya mbegu fulani yanavyoiva haraka. Si kwamba ni watakatifu. Wapo wabaya kuliko niliowaacha mtaani. Lakini ukitaka usingizi, lala upande wa wazee.

Watu wanapenda kuniuliza ni siku gani nilibadilika. Wanategemea niseme nilisikia sauti, au niliota. Sikuota kitu. Nilichonacho ni ukuta.

Mzee wa Rungwe alikuwa fundi wa zamani na ndiye aliyekuwa akituongoza wachache tuliopelekwa kujenga stoo ya mazao. Jeshi la Magereza lina chuo chake cha ufundi pale Ruanda, Mbeya, lakini nafasi hazitoshi kila mtu, na wengi wetu tunajifunza hivyo hivyo, mfungwa kwa mfungwa, kwenye kazi yenyewe. Nilianza kama saidia fundi, nachanganya udongo na kubeba tofali. Baadaye akanipa mwiko. Nikapanga kozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikasimama nyuma kidogo kuangalia kazi yangu. Kwa macho yangu ulikuwa ukuta mzuri. Mzee akaja na pima maji yake, kioo chake kimepauka, akaiweka juu ya kozi, akainama. Maji yalikuwa yamekimbilia kushoto, kidogo sana, upana wa ukucha. Akasema neno moja: "Bomoa."

Nilimchukia mchana kutwa. Ukuta wa stoo ya mahindi, gerezani, nani atakuja kuupima? Nikabomoa, nikakwangua udongo kwenye kila tofali, nikapanga upya. Kesho yake akaja, akaweka pima maji, akaangalia, "Bomoa." Hakuwahi kupandisha sauti. Sikuwahi kumwona akifurahia kunikomoa. Siku moja, ukuta ukiwa umefika usawa wa lenta, niliweka pima maji mwenyewe kabla hajafika, nikaona maji hayajakaa katikati, nikaanza kubomoa. Alinikuta nikikwangua tofali. Hakusema kitu, alikaa kwenye ndoo akaomba maji ya kunywa.

Maskani, kazi ilikuwa inapimwa kwa mgao. Umepata ngapi, umetoka salama, basi, imekwisha. Sikuwahi kabla ya hapo kukasirikia kazi yangu mwenyewe wakati hakuna anayeniona. Kwa hiyo ukiwa ndani na ukapewa nafasi ya kazi yoyote yenye kipimo, useremala, ushonaji, bustani, uchomeleaji, ishike. Ukipelekwa gereza la kilimo usinung'unike kwamba umepelekwa kulima. Mikoa yetu hii ni ya wakulima, na anayejua kutunza kitalu cha parachichi au viazi hakosi kibarua Njombe wala Rungwe. Ukishatoka, uliza ofisi za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa waliojifunza nje ya darasa. Wanakupima kwa kazi, na ukifaulu unapata cheti kisichosema ulijifunzia wapi.

Niseme kidogo kuhusu shuhuda, ingawa najua nitawaudhi baadhi ya wachungaji wangu. Mbeya ni mji wa makanisa, na kanisa linapenda jambazi aliyeokoka. Kijana anatoka Ijumaa, Jumapili yuko mbele na kipaza sauti. Watu wanapiga vigelegele, wanampa sadaka. Wiki inayofuata anaitwa kanisa lingine, na huko hadithi inaongezeka: kisu kinakuwa bastola, nyumba moja inakuwa benki. Baada ya muda huyu kijana anaishi kwa kusimulia ujambazi, na sadaka zikipungua hana kingine anachojua. Mimi ni muumini na nilibatizwa upya gerezani. Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza imba kwaya, fagia, beba viti, na ukae kimya. Anayetaka kujua habari zako atakufuata nyumbani.

Sasa kutoka. Familia nyingi hazijui tarehe, na hapo ndipo kundi linapowatangulia, maana kundi linajua kuhesabu. Mtu aliyefungwa zaidi ya mwezi mmoja, asiye wa kifungo cha maisha, hupunguziwa theluthi moja ya kifungo akiwa na tabia njema. Miaka sita inakuwa minne, mitatu inakuwa miwili. Theluthi hiyo inaweza kuliwa na makosa ya ndani ya gereza, kwa hiyo ulizeni ofisi ya gereza mara kwa mara, msikae na tarehe mliyoambiwa siku ya hukumu. Parole, yaani kutoka mapema kwa masharti, ina sheria yake ya mwaka 1994 na masharti yake; wa unyang'anyi wa kutumia silaha hawamo. Kuna pia msamaha wa Rais kwa Ibara ya 45 ya Katiba, ambao hutolewa zaidi kwenye sikukuu za taifa. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alitoka kwa msamaha wa namna hii, kwao hawana habari, hana nauli ya kutosha, viatu ni vile alivyoingia navyo. Aliyempa lifti kuja mjini alikuwa mtu wa kundi lake la zamani aliyekuwa amekuja kumpokea mwingine. Ilituchukua muda mrefu kumrudisha.

Kwa wale ambao kijana wao bado yuko mahakamani kwa kosa dogo, ulizeni mapema kuhusu kifungo cha nje. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ipo kwa ajili ya makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka mitatu, na kijana anayefagia hospitali akilala kwao hahitaji sabuni ya mtu.

Siku ya kutoka, mtu wa nyumbani awe getini kabla ya gari lao. Sina maneno mepesi zaidi ya hayo. Wanakuja na Noah, muziki unapiga, wana viatu vipya vya saizi yako na simu yenye laini na hela ndani. Hakuna atakayekulazimisha kupanda. Ila wewe umesimama na mfuko wako wa rambo, umetoka kwenye geti ambalo kwa miaka ulikuwa unapita ukiwa unahesabiwa, na hapo pana watu wanaolitaja jina lako kwa furaha. Ukipanda, umepanda. Mimi mjomba wangu alifika jioni ya kuamkia, akalala kwa jamaa karibu na gereza, na asubuhi alikuwa amesimama pale na koti lake refu la mvua. Wale wa Noah walimsalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, akanishika mkono kama mtoto, tukaondoka kwa miguu hadi barabara kuu.

Hatukwenda Mbeya. Mjomba alikuwa ameshaongea na fundi wa Mafinga anayejenga nyumba za wafanyabiashara wa mbao, na huko ndiko nilikoanza. Baridi ya Mufindi inauma, sikumjua mtu, na kila asubuhi nasalimiwa "kamwene" na mimi sina cha kujibu zaidi ya kurudisha hivyohivyo. Ilinifaa. Akina mama wanaumia ninapowaambia wasimpokee mtoto nyumbani moja kwa moja. Wanaona kama namfukuza. Mtaani kwenu ndiko maskani iliko. Kama kuna ndugu Mbarali kwenye mpunga, Makete, Ludewa, Kilolo, popote penye kazi ya mikono na mtu wa kumwangalia, aanzie huko. Ila si Chunya. Kwenye machimbo ya Makongolosi hela inatoka ghafla na inakwisha ghafla, na utakuta nusu ya uliokuwa nao ndani wameshatangulia. Tunduma vivyo hivyo.

Laini ya simu iacheni ife. Yangu ilikufa nikiwa ndani, mwaka ule wa 2020 zilipozimwa laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole, na kupotea kwa namba zile lilikuwa jambo jema lililonipata bila jasho. Kinachotakiwa haraka ni kitambulisho cha taifa. Bila NIDA hakuna laini, hakuna akaunti, na kijana asiye na laini yake ataazima ya mtu, na kuazima ndiko tunakokukimbia.

Nilipoanza kurudi nyumbani kusalimia ndipo nikaona paa. Nyumba ya mama ilikuwa na mabati mapya, ya rangi, yamekazwa vizuri. Nikauliza. Mama akatazama pembeni akasema, "Wenzako walikuja, mvua zilikuwa zimezidi." Sikumlaumu, na wewe usimlaumu wako. Alikuwa ananyeshewa.

Ila ile nyumba ilikuwa imewekwa rehani bila karatasi. Nilifanya kazi Mafinga, nikaweka kando hela ya kila bati pamoja na misumari yake, kwa bei ya dukani. Kisha nikamwomba mjomba na wazee wawili wa mtaa tuende kwa mkubwa mchana kweupe, si usiku, wala si mimi peke yangu. Tulimkuta nyumbani kwake, amekaa barazani na mjukuu. Alitukaribisha, chai ikaletwa. Mjomba akaeleza: tunashukuru kwa msaada uliompa dada yangu, kijana amepata kazi, tumekuja kurudisha. Mkubwa akacheka, akasukuma bahasha. "Mimi siuzi mabati, mzee." Mjomba hakucheka. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe, akasema, "Basi mwanangu, kesho tutayaezua tukuletee. Dada yangu alishazoea kunyeshewa."

Palikuwa kimya mpaka yule mjukuu akaanza kulia. Mkubwa aliichukua bahasha. Hakuihesabu. Alinitazama, akaniambia nimekonda, nikamwambia ni baridi ya Mafinga. Tangu siku hiyo tunasalimiana tukikutana Kabwe au Mafiati. Nasimama, naulizia afya yake, naondoka. Sijakaa chini naye tena wala sijapokea hata soda.

Ukiniuliza kama hili litafanikiwa kwa kila mkubwa, nitakuambia hapana. Wapo watakaogoma, wapo wakorofi. Lakini lifanyike mbele ya wazee, na kiasi kitajwe kwa sauti ili kila aliyekaa pale ajue deni lilikuwa ngapi na limelipwa. Kama kundi linakudai zaidi ya mabati, yaani kuna mambo unayajua ambayo yanawatisha, usiende na wazee. Nenda kwa wakili au wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu hata waliomo gerezani. Hayo si mambo ya bahasha.

Kuhusu tuliowaibia sina mengi. Vijana wengi wakitoka wanataka kukimbilia kwenye zile nyumba kuomba msamaha, na mara nyingi wanakwenda ili wao wapate nafuu. Mtu aliyeamka usiku akakuta mlango wake umevunjwa hataki kukuona mlangoni tena, hata ukiwa na Biblia. Tuma mzee akaulize kwanza. Wakikataa, heshimu. Nilituma mzee kwa watu wawili; mmoja alikubali nimlipe kidogo kidogo, mwingine alisema nisipite kwenye mtaa wake, na mpaka leo nazungukia njia ya chini.

Kitu ambacho lazima ukijue ni kwamba kukiibiwa kuku mtaani utatajwa wewe. Sisi wa Mbeya tulikaa miaka na hofu ya wapiga nondo, watu walipigwa vyuma vichwani wakitoka kazini, na mji haujasahau. Wenzangu wawili wa maskani hawakufika hata mahakamani. Gazeti liliandika waliuawa na wananchi wenye hasira kali, aya mbili, hakuna jina. Kwa hiyo jiweke mahali panapoonekana. Ripoti kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe siku unayohamia, mwambie ukweli wako kabla hajaambiwa na mwingine. Giza likiingia uwe ndani. Fanya kazi penye watu na penye daftari la mahudhurio. Kuna kijana wangu aliyekuja kuchukuliwa na askari kwa wizi uliotokea Jumanne mchana, na kilichomrudisha jioni ileile ni daftari la saiti lenye sahihi yake asubuhi na saa kumi, pamoja na fundi na mwenye nyumba waliokuwepo akipiga ripu ukuta wa mbele. Sasa daftari langu nalitunza kuliko mwiko.

Na nyinyi mafundi wenzangu mnaonipigia kuuliza kama mchukue mtu aliyetoka ndani: mchukueni, lakini msimpe funguo za stoo wiki ya kwanza ili kumwonyesha kwamba mnamwamini. Kikipungua kitu, hata kama ni msumari, mtakuwa mmemwingiza matatani wenyewe. Mpeni kazi ya kupimika. Mlipeni Jumamosi kama wengine, hela yake yote mkononi, msimkatie kwa kuwa hana pa kwenda. Akiomba mkopo wa dharura, mpeni mkaandike kiasi na tarehe, naye aweke sahihi. Msimwambie "utarudisha ukipata".